Tawi la Mkorosho Njiani

Kipupwe kile nilikuwa nikiamka kabla ya mama, au ndivyo nilivyoamini. Nilivaa viatu gizani, nikajifunga dira kwenye kidole gumba, nikaikunja ramani mpaka ikabaki sehemu ya siku hiyo tu, kisha nikafungua mlango wa nyuma taratibu kwa kuwa bawaba zake zina kelele. Nje ukungu ulikuwa umeukalia uwanda wetu wote wa juu. Wageni hudhani kusini kote ni joto na vumbi. Sisi tuliokulia Mkunya tunaijua baridi ya mwezi wa saba inayopenya sweta, na umande unaolowesha soksi kabla mtu hajavuka shamba la kwanza.

Mchezo wangu huwa lazima niueleze, hata kwa walimu wenzangu. Ni mbio za dira. Unapewa ramani yenye vituo vilivyowekewa alama, huonyeshwi njia, na unatakiwa kuvifikia vyote kwa mpangilio wake haraka kuliko wengine. Mwenye mbio asiyeweza kusoma ardhi hupotea upesi zaidi, basi. Niliujifunza chuo kikuu nilipokuwa nikisoma jiografia, nikauacha kwa miaka ya ndoa na kulea, nikaurudia nilipokaribia umri ambao wenzangu walianza kulalamikia magoti. Masasi tupo kikundi kidogo, walimu wengi, tunaokimbia katikati ya vilima vya mawe vinavyouzunguka mji. Kipupwe kikiisha tunafanya mashindano yetu wenyewe, bila mdhamini, na watazamaji wetu ni mbuzi na wanaowachunga.

Mwaka huo nilikuwa nimehamia kwa mama. Alikuwa amepotea mara moja, akitoka kanisani, njia aliyoipita tangu ujana wake. Walimkuta upande wa pili wa barabara ya Newala, amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, akimsubiri marehemu baba amletee kitenge. Niliomba uhamisho kutoka Masasi nikapata shule ya karibu na nyumbani. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ana nyumba mjini Masasi na mke mwenye moyo mzuri, hakuupenda mpango huo. Alitaka mama ashushwe kutoka huku juu akakae kwake.

"Shikamoo dada," aliniambia kwenye simu jioni niliyohamia, na baada ya marahaba yangu hakuzunguka. "Nimekubali kwa sababu yako. Lakini akipotea tena nakuja na gari. Sitauliza mtu."

"Masasi hajui hata mti mmoja," nikamwambia.

"Masasi kuna geti."

Ndivyo msimu ule ulivyoanza. Nilijua wazi kinachoshindaniwa: mama abaki katika nyumba anayoifahamu, au akawekwe nyuma ya geti mahali ambapo kila kitu kitakuwa kigeni kwake. Na nilijua, bila kumwambia mtu, kwamba saa ninazokimbia ndizo saa ambazo hana wa kumtazama.

Ningeweza kuacha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuacha, na jibu la kwanza linalonijia, kwamba mwili unahitaji mazoezi, si la kweli. Bibi yangu mzaa mama alimaliza maisha yake akiwa hatutambui. Sasa mama. Mimi ni wa tatu katika mstari huo, na hakuna daktari aliyeniambia neno la kunitoa wasiwasi. Nikisahau jina la mwanafunzi darasani, mchana mzima unaharibika. Lakini nikiwa katikati ya mikorosho, ramani mkononi, nikasema moyoni kwamba mbele kutakuwa na kibonde kidogo kisha kichaka kisha njia mbili zinazopishana, na vikatokea kwa mpangilio huo huo, hapo najua kwamba nipo. Siku iliyopita bila uhakika huo nilikuwa siiamini. Haikuwa tena burudani. Ilikuwa dawa niliyojiandikia mwenyewe, na kama dawa nyingi ilikuwa na gharama ambayo mwingine aliibeba.

Na msimu wenyewe haukunisaidia. Kipupwe ndicho wakati wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya kukinga maua, kwenye mikorosho, na salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande ili unga uyagande. Kila upande niliokimbilia nilisikia mashine zikinguruma ndani ya ukungu, kisha wingu la manjano likanijia usoni. Nilikohoa mpaka nikashika magoti. Wapulizaji walinizoea.

"Mwalimu, leo umeiba nini?"

"Anayekufukuza yuko wapi, tumwonyeshe ulikopita?"

"Mwacheni, anakwenda Masasi kwa miguu, ameona nauli ghali."

Niliwajibu kwa kupunga mkono kwa kuwa pumzi sikuwa nayo. Kifua kilinibana tangu katikati ya mwezi wa sita. Nikawa nabadili njia kila siku kutokana na shamba linalopulizwa, na hilo, ninakiri, lilinifaa: ramani niliyoichora mwenyewe juu ya nakala ya ramani ya zamani ya wapima ardhi ilijaa alama kila juma.

Kulikuwa na jambo jingine la msimu. Shule zikifungwa, wavulana hupelekwa jandoni. Kambi yao, likumbi, hujengwa porini mbali na nyumba, na wanaume huzifunga njia zote zinazoelekea huko. Mwanamke akiona njia imezibwa kwa tawi au miiba, anageuka bila kuuliza. Mimi ni Mwanglikana wa kizazi cha nne, nina shahada, na niligeuka kila mara. Si kwa hofu. Nililelewa kwamba mtu akikufungia njia kwa heshima nawe unaiheshimu. Zile njia nilizitia wino mwekundu kwenye ramani, nikazitoa katika mazoezi yangu.

Vituo vyangu vilikuwa vipande vya kitambaa chekundu, nilivyovichana kutoka kwenye bendera kuukuu ya michezo. Nilivifunga jioni kwenye matawi, nikavitafuta asubuhi. Mwanzoni mwa likizo vikaanza kutoweka. Kimoja, kisha viwili. Niliwashuku watoto. Jioni moja nikimsaidia mama kubadili kanga, nikakuta kwenye pindo lake fundo dogo lililolowa. Ndani yake mlikuwa na kitambaa changu.

"Mama, hiki umekitoa wapi?"

"Mtini. Mtu amekisahau."

"Ulikwenda lini mtini?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemvumilia mtoto mwenye maswali mengi. "Wewe ulipokwenda," akasema.

Kwa hiyo alikuwa akiamka. Alikuwa akitoka nyuma yangu, akiingia ukungu ule ule, na kurudi kabla yangu. Asubuhi iliyofuata sikukimbia, wala iliyofuata, na siku ya tatu nilimkaripia mama kwa sababu ya uji uliomwagika, kwa sauti ambayo sikuipenda. Jirani yetu aliisikia toka uani kwake.

Jirani huyu ni mjane, umri kati yangu na mama, nami humwita mama mdogo ingawa hatuna udugu. Aliolewa Mkunya akitokea Lupaso wakati maji ya bomba yalikuwa yameshafika huku juu. Ana mikorosho mingi kuliko wanaume wengi wa mtaa wetu, na ulimi unaolingana nayo. Alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwalimu, kakimbie."

"Na mama?"

"Nitakaa naye mimi. Wewe ukikaa hapa mtauana. Kakimbie urudi na adabu yako."

Tukakubaliana. Kila alfajiri alikuja na jembe lake na kikombe chake cha chai, akakaa jikoni na mama, akaondoka nikirudi. Kwa majuma mawili nilikimbia vizuri kuliko wakati wowote tangu nihame Masasi. Nilipanda na kushuka ukingo wa uwanda kwa njia za zamani za maji, kifua kikaanza kufunguka, na nikawa naona mashindano yale mbele yangu, na vilima vya mawe, na wenzangu wakinicheka kwa vile viatu vyangu vimebadilika rangi kwa salfa.

Mama alinipokea kila siku kwa mahojiano yale yale.

"Umetoka wapi na jasho hilo kwenye baridi hii?"

"Kukimbia, mama."

"Ulikuwa unakimbia nini?"

"Sikukimbia kitu. Ni mazoezi."

"Ukafika wapi?"

"Nimerudi hapa hapa."

"Basi hukwenda," alisema, na jirani akacheka mpaka chai ikamwagika.

Asubuhi niliyoikuta nyumba wazi, ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Mlango wa nyuma ulikuwa umeegemea ukuta. Jikoni moto ulikuwa haujawashwa. Ndoo ya bafuni haikuwepo. Niliita mara moja tu, kwa kuwa nyumba tupu hujibu haraka. Nilikimbilia shambani kwa jirani, nikamkuta amejifunga kitambaa puani, anamwelekeza kijana wa mashine mti wa kupuliza.

"Mama mdogo, mama yuko wapi?"

Aliteremsha kitambaa. "Si uko naye?"

Ilikuwa hivi. Mashine ya salfa huenda kwa zamu, na zamu yake ilikuwa imemjia ghafla. Alipita kwetu kuniaga, asijue kwamba nimeshatoka nikiamini yuko njiani anakuja, akagonga, mama akajibu kutoka ndani kwa sauti ya mtu mwenye akili zake zote: nenda mwenzangu, usiikose dawa, mimi niko na mwanangu. Alisema hata mashine isiachwe ikapata maji. Nani angetilia shaka? Mimi mwenyewe ningemwamini.

Tulianza kumtafuta wawili. Nyuma ya nyumba umande ulikuwa umefutika kwenye nyasi, mstari mwembamba wa mtu anayeburuta miguu, ukielekea magharibi. Nikaufuata kwa furaha isiyo na maana, furaha ya mchezo, mpaka nyasi zikaishia kwenye mchanga wa njia, palipogawanyika pande mbili. Njia ya kulia ilikuwa imezibwa kwa tawi kubwa la kijani. Nikasimama.

"Likumbi," nikasema.

Jirani naye akasimama. Upande huo wanaume walikuwa wameziba njia nyingine wiki chache nyuma, nami ninazo kwa wino mwekundu. Niliwaza kwamba wameihamishia kambi huku, kwamba eneo lote hili sasa limefungwa, na kwamba kama mama angefika hapa wangemwona na kumrudisha kwa njia ya barabarani. Mtu anayeifahamu ramani hupata maelezo upesi sana. Tukageuka. Tukakimbilia kanisani, kisha lile duka lenye ngazi, kisha kituo cha magari. Hakuna aliyemwona. Mwanamke mmoja muuza vitumbua alituuliza kama tumempigia simu mdogo wangu.

Tuliporudi ukungu ulikuwa umeanza kuchanika na jua kuonekana jeupe. Jirani alitembea nyuma yangu akinung'unika, kama anavyofanya akiogopa.

"Na hao wanaume nao. Mtu mzima, na akili zake, anavunja tawi la mkorosho kufungia njia. Lenye maua. Mwezi huu. Miiba imeisha porini? Huyo kwao hawana korosho?"

Nilisimama hata akanigonga mgongoni.

Hakuna mtu wa uwanda huu anayevunja tawi la mkorosho lenye maua. Mtoto akifanya hivyo anachapwa. Mwenye shamba akiona anakwenda kwa mwenyekiti. Wenye likumbi walikuwa wamezifunga zile njia nyingine zote kwa miiba na nyasi zilizofungwa mafundo, na miiba yenyewe ilikuwa imeshakauka. Tawi lile lilikuwa bichi. Lilivunjwa asubuhi ile ile na mtu ambaye thamani ya korosho ilikuwa imemtoka kichwani, au hajaifikia bado, kwa sababu katika asubuhi yake yeye mikorosho haijajaa huku.

Ndipo nikakumbuka safari za maji. Nilikuwa mdogo, bomba halijafika, na wanawake walishuka bondeni alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Walikwenda msururu mrefu. Anayetangulia alivunja matawi akayalaza kwenye kila njia isiyo yetu, ili sisi wa nyuma, watoto na wajawazito na waliochelewa, tusipotelee gizani. Aliyekuwa akitangulia ni mama. Mimi nilikuwa wa mwisho na kibuyu changu, na sikuwahi kupotea.

Lile tawi halikuwa limenikataza kitu. Lilikuwa limeniambia pita kushoto.

Tulikimbia. Pale njiapanda nilichukua kushoto bila kutazama dira. Mbele kulikuwa na tawi jingine kwenye njia ya kulia, kisha jingine kwenye ya kushoto, kila moja na maua yake madogo ya waridi yaliyoanza kunyauka, na jirani nyuma yangu akiyataja mashamba ya wenyewe mmoja mmoja kwa sauti ya mtu anayehesabu kesi. Matawi yalitupeleka mpaka ukingoni, pale uwanda unapokatika na njia ya maji inapoanza kushuka.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu mitupu, ndoo ya bafuni kati ya magoti. Kanga ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Mikono yake ilikuwa imenata utomvu. Alikuwa amekereka.

"Mbona mmechelewa namna hii? Mtakuta watu wameshajaa kisimani."

"Tumepotea kidogo, mama," nikasema.

"Mmepoteaje? Nimefunga njia zote." Alichungulia nyuma yetu, kwenye weupe unaoondoka. "Na wengine?"

Jirani, ambaye nilimtegemea kuwa na neno kwa kila kitu, aligeukia upande wa bonde akajifuta uso kwa kile kitambaa chake cha salfa, na salfa ikamwingia machoni, akapata sababu.

"Wanakuja," nikamjibu mama.

Mchana nilimpigia mdogo wangu nikamweleza yote, hata lile la duka na la muuza vitumbua, kwa kuwa nilijua yangemfikia. Nilimwambia mama hakuwa amepotea, alikuwa amefika alikokuwa akienda, na aliyepotea ni mimi.

"Dada, hiyo ni hoja ya chuo kikuu," akasema. Lakini aliniachia mama hadi shule zifunguliwe.

Nikaupanga upya msimu wangu. Mbio nikazihamishia jioni, jirani akiwa na mama, mara chache na kwa umbali mdogo. Asubuhi nilimfuata mama. Alitangulia, nami nikaja nyuma, ramani mfukoni, nikijifunza mwendo wake. Jirani alipoona mkorosho wake wa tatu umeguswa, alitukatia fungu la matawi ya porini akalileta mlangoni.

"Mpe haya. Afunge njia mpaka Mtwara akitaka. Korosho zangu aniachie."

Mama aliyapokea kwa heshima ya mtu aliyeletewa vifaa vya kazi. Alfajiri tulitoka na fungu, akayalaza kwenye kila njiapanda, tukafika ukingoni, akatazama chini, na kwa kawaida kufika kulimtosha. Kisha tukarudi, nami nikayaokota. Nilipungua kasi na nikapungukiwa na usingizi. Mwenzangu mmoja wa Masasi alinipigia akauliza kama bado nimo. Nilimwambia nimo, na sikuwa na hakika.

Hata hivyo kulikuwa na asubuhi nilizozipenda. Hatua za mama kwenye mchanga zilikuwa na uhakika ambao ndani ya nyumba, kati ya kitanda na jiko, ulikuwa umekwisha. Nilianza kufikiri kwamba huenda uhakika huo hukaa mahali pengine mwilini, mahali ambapo ugonjwa huchelewa kufika, na kwamba mimi nami nilikuwa nikiuweka akiba kwa miguu. Fikra hiyo ilinitia nguvu kwa siku kadhaa.

Wiki ya mwisho ya likizo, ukungu ulikuwa umeanza kuwa mwepesi na mashine za salfa zimepungua. Tulikuwa tukirudi kutoka ukingoni. Mama alikuwa amebakiza tawi moja mkononi. Tulifika kwenye njiapanda ya nyumbani, ambapo njia moja inakwenda barabarani na nyingine inaingia kwetu, na paa letu linaonekana kabisa, na moshi wa jirani. Mama akasimama. Akatazama huku, akatazama huku. Kisha akainama kwa shida, akalilaza tawi kwenye njia ya kwetu, akalinyoosha vizuri, shina upande mmoja na majani upande mwingine, kama alivyofanya kwa zile zote.

"Mama, hii ni ya nyumbani."

"Siyo huku," akasema. "Huku watoto watapotea."

Hakuwa na mashaka yoyote usoni. Nilikuwa nimeyatafuta. Aliponipita kuelekea barabarani nilimshika mkono, akakubali, lakini nilipojaribu kumvusha juu ya tawi alikaza miguu, akanikumbusha kwa upole kwamba njia ikishafungwa haipitwi. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo.

Sikuliondoa. Tulizunguka kwa njia ya barabarani, tukaingilia shamba la jirani, kati ya mikorosho yake iliyojaa maua, mama mbele, mimi nyuma, na tukaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, ambao kwa kawaida tunautokea tu. Alikaa jikoni akaulizia mwenye nyumba yuko wapi, tumsalimie.

Mchana nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia aje na gari. Aliuliza kama mama amepotea tena. Nilimwambia hapana, safari hii hakupotea yeye, imempotea nyumba.